Aliyeweka Hagongi

Goti langu la kulia limekwisha, na la kushoto liko njiani. Nina miaka hamsini na tatu na kilo mia moja na kumi na sita. Kazi yangu ni kuweka vigae vya sakafu, kazi ambayo bado sijaona mtu akiifanya amesimama.

Goti halikwishi kimya. Asubuhi linagoma kukunjuka mpaka nilibembeleze kitandani kama punda mkaidi. Nikisimama linakwaruza, kama kigae kilichowekwa juu ya mchanga. Nikipanda ngazi linalia, kru, mimi napumua, halafu kru tena. Sauti hiyo niliijua kabla haijawa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu, na kaka yangu alikufa miaka sita iliyopita.

Mke wangu ndiye aliyeitambua kwanza. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa mpaka ndani. Nilikuwa nimerudi mapema, napanda ngazi za kwetu, ngazi kumi na nne. Yeye alikuwa juu, jikoni, anachambua maharage. Nilipofika katikati alitoka mbio na ungo mkononi, akasimama juu ya ngazi ananitazama usoni.

"Kumbe wewe," akasema.

"Ulidhani nani?"

"Nilidhani shemeji."

"Shemeji gani?"

"Usiniulize shemeji gani. Una kaka wangapi?"

Akarudi jikoni. Maharage yaliungua siku ile, na mke wangu si mtu wa kuunguza chakula.

Kaka alinizidi miaka tisa. Baba yetu alipofariki nilikuwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Kaka alinichukua kazini akanitia mwiko mkononi. Kila ninachokijua ni chake. Alinifundisha kupaka saruji sakafu nzima, kuichana kwa mwiko wenye meno, kisha kukandamiza kigae mpaka hewa yote itoke chini yake. Na kundi letu alilipa sheria moja: aliyeweka hagongi. Sakafu ikishakauka, mtu mwingine, siye aliyeiweka, anapita akigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Kigae kilichoshika kinajibu tok, kifupi na kizito. Kilichobakiza hewa chini kinajibu kama mtungi. Hicho kinapigwa alama ya chaki na kung'olewa, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anataka kuhamia.

"Sikio linapendelea kwao," kaka alikuwa akisema. "Kosa lako huwezi kulisikia."

Alipogusa hamsini alianza kunenepa. Tukamwita Bonge, naye akaitika. Halafu akaanza kulalamika magoti, na baadaye vidole vya mikono. Hapo kwenye vidole ndipo tulipomcheka hasa. Mmoja wetu alimuuliza, "Bonge, vidole navyo vinabeba tumbo?" Akacheka na yeye, huku anavisugua.

Siku yenyewe alikuwa na miaka hamsini na tatu. Tulikuwa tunamaliza ukumbi mkubwa, mwenye jengo anatuangalia. Kaka alipiga magoti kuweka safu ya mwisho, akashindwa kuinuka. Akaegemea mkono kwenye vigae vibichi ili ajisukume juu, na safu nzima ikateleza. Vigae tisa. Mwenye jengo akaguna.

Nikasema, "Nini tena?"

"Goti, mdogo wangu. Nishike mkono."

"Goti gani?" nikasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Hilo ni tumbo. Nenda nyumbani ukale."

Watu walicheka. Nilichukua mwiko wake pale sakafuni nikampa mtu mwingine. Kaka alitambaa kwa mikono na magoti mpaka mlangoni, akashika fremu ya mlango akajivuta juu, akaondoka. Hakurudi kazini. Hakunisema kwa mtu. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba chake, akaendelea kunenepa, na baada ya miaka mitatu moyo ulisimama. Msibani watu walinong'ona kwamba amejimaliza mwenyewe kwa kula. Niliwaitikia kwa kichwa.

Waliokuwepo ukumbini siku ile wametawanyika wote. Kundi nililonalo ni la watu wapya: mimi, wawili wa kuchanganya saruji, mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, na mtoto wa kaka, ambaye tunamwita Kimya. Kimya alikuja kwangu baada ya msiba, kijana wa miaka ishirini na nne. Alisimama mlangoni akasema, "Baba mdogo, baba aliniambia akifa nije kwako. Aliniambia aliacha kazi kwa hiari yake, alikuwa amechoka. Akasema wewe ndiye fundi."

Nilimwambia aingie. Sikumwambia kitu kingine. Miaka sita nimemfundisha alichonifundisha baba yake, na kila alipomtaja baba yake nilimtuma kwenda kuleta kitu.

Sasa goti likaanza kwangu, na mimi nikajua litanipeleka wapi. Mtu wa vigae asiyeweza kupiga magoti anakuwa mzigo, na mzigo nilishaonyesha unafanywaje. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikaamua hakuna atakayejua. Nilimeza vidonge vya maumivu asubuhi na mchana. Nilifika kazini kabla ya wote wasinione nikipanda ngazi. Nikiangusha kitu, nilisubiri mtu apite nimwambie anipe, kwa ukali, ili ionekane ni ubosi.

"Fundi siku hizi hata penseli anaokotewa," Redio akasema. "Kesho atataka tumtafunie."

"Wewe ungeanza kwa kutafuna maneno yako."

"Haya, haya. Mkubwa hakosei."

Jengo lilikuwa la ofisi, na sisi tulikuwa ghorofa ya tatu, vyumba kumi na viwili, vigae vyeusi vya kung'aa. Sikuvipenda vigae vile. Ukiinama juu yake unajiona. Mimi nilikuwa naona mtu mnene, shingo imezama mabegani, mashavu yamening'inia, anakuja kutoka chini kunikuta. Si sura yangu ninayoijua. Nilifuta vumbi, akabaki. Nikisogeza mkono anasogeza. Ilikuwa sura ya kaka, na alikuwa anapumua kwa shida kama mimi.

Chumba cha mwisho nilikichukua mwenyewe, nikafunga mlango. Nilisema sitaki kelele. Redio akapiga kelele kutoka koridoni, "Fundi kajifungia kama bibi harusi!" Ukweli ni kwamba nilikuwa nimegeuza ndoo nimeikalia. Kupaka saruji sakafu nzima na kuichana kunataka magoti. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho ningemfukuzia mtu mwingine. Nilikuwa nachukua kigae, nabandika madonge matano ya saruji mgongoni mwake, manne pembeni na moja katikati, nakishusha kwa mikono nikiwa nimekaa, nakigonga kwa nyundo ya mpira. Kwa macho kimenyooka. Chini ni donge, hewa, donge, hewa. Siku mtu ataweka kabati zito hapo kitapasuka.

Siku ya pili, saa sita mchana, niko kwenye safu ya saba, nikasikia nyuma yangu mtu anagonga. Tok. Tok. Tok. Taratibu, kigae kwa kigae, kama alivyokuwa akigonga kaka, anaacha nafasi ya kupumua katikati. Nikafikiri ni mabomba. Kisha kikagongwa kigae kikalia kama mtungi, na kugonga kukanyamaza.

Niligeuka. Mlango umefungwa. Chumba kina mwanga, hakuna mtu, hakuna hata pa kujificha. Vigae vinang'aa, na ndani yake yupo yule mtu mnene, amekaa kwenye ndoo, amegeuza shingo kunitazama.

Sikukimbia, nisingeweza hata kama ningetaka. Nilimaliza kazi jasho linanitiririka. Asubuhi iliyofuata nilijaza mianya kwa saruji nyeupe kabla mtu yeyote hajagonga. Kundi letu halijawahi kufanya hivyo tangu lianze. Nikawaambia chumba cha mwisho kiko tayari, nimekigonga mwenyewe.

Kimya aliinua kichwa. "Umekigonga mwenyewe, baba mdogo?"

"Masikio huna?"

"Ninayo," akasema, akaendelea na kazi.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, nilisikia tena kugonga. Safari hii nilikuwa koridoni, na kulitoka chumba cha mwisho. Tok. Tok. Mtungi. Tok. Mtungi. Mtungi. Nilisimama nimeshika ukuta, nywele zimenisimama. Nikajiambia kama ni kaka, basi nimkute, yaishe. Nikasukuma mlango.

Alikuwa Kimya, amepiga magoti, mwiko mkononi na chaki sikioni. Nusu ya sakafu ilikuwa na alama nyeupe.

"Baba mdogo," akasema bila kuinuka, "hiki chumba kimewekwa na nani?"

"Unajua kimewekwa na nani."

"Najua nani alikuwa ndani. Hii si kazi yake." Akagonga kingine, akasikiliza, akachora. "Naapa, wewe hujamfundisha mtu yeyote kuweka kwa madonge."

Nilifungua mdomo nimkemee. Badala yake goti lilikatika, nikaanguka kwa ubavu kwenye sakafu yangu mwenyewe. Kimya alikuja, akakunja suruali yangu mguu wa kulia. Goti lilikuwa limevimba kama papai, la moto. Akalibonyeza kwa kidole.

"Tangu lini?"

"Mwaka na kitu."

"Na unatupa macho makali tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hujui?"

"Usinihubirie."

"Sikuhubirii. Nakubeba." Na kweli alinishika kwapani akanishusha ghorofa tatu, Redio nyuma na kofia yangu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu. Alibandika picha ya goti kwenye taa akanionyesha kwa kalamu.

"Mzee, hapa kati ya mfupa na mfupa panatakiwa paonekane nafasi. Kwako imebaki uzi."

"Kwenye kazi yangu nafasi ndiyo kosa."

"Kwenye yangu ndiyo uzima. Ile nafasi si tupu, ina gegedu, nyama ngumu inayofanya mifupa iteleze. Lako limelika."

"Kwa hiyo ni uzee. Umeshaniita mzee."

"Uzee umo. Gegedu la mtu mzima halijitengenezi upesi kama la kijana. Lakini nina mabibi wa miaka themanini wanaonipita kwenye ngazi. Wewe umepiga magoti miaka karibu arobaini, na una uzito. Kila kilo moja ya hapa," akaonyesha tumbo langu bila aibu, "goti linaisikia kama tatu au nne ukitembea."

"Mzigo. Naelewa mzigo."

"Si mzigo tu. Ungekuwa mzigo tu, ungeumia magoti basi. Hebu nipe mikono." Akavibonyeza vidole vyangu kwenye vifundo vya mwisho, na nikaruka. "Unatembea kwa vidole hivi?"

"Hapana."

"Mafuta ya mwili hayalali, mzee. Yanamwaga vitu kwenye damu vinavyowasha mwili, moto mdogo, huoni moshi. Unazunguka kila mahali. Ukikuta kiungo kilichochoka kwa umri na kwa kazi, unakaa hapo unakila. Ndiyo huo uvimbe, na ndiyo hivyo vidole."

Nilitazama mikono yangu. Nilimwona kaka anavisugua vyake huku anacheka na sisi.

Kimya alikuwa amekaa nyuma yangu. "Baba alikuwa na vidole hivyo hivyo," akasema. "Na magoti."

"Alitibiwa?"

"Aliacha kazi akakaa. Miaka mitatu dirishani."

Daktari alitikisa kichwa. "Kukaa ndiyo kubaya. Mtu wa magoti ukimkalisha, misuli ya paja inaisha, uzito unapanda, uvimbe unaongezeka, goti linabaki halina wa kulishika. Anatakiwa apunguzwe kazi, si aondolewe. Atembee, afanye mazoezi ya paja, apunguze kilo. Nani alimwambia akae?"

"Hakuna," akasema Kimya. "Aliamua mwenyewe."

Mimi nilikuwa natazama picha kwenye taa. Daktari aliniandikia dawa, mazoezi, na chakula cha kupunguza uzito, akaniambia nisipige magoti tena kama nataka kutembea nikiwa na miaka sitini.

Tulikaa kwenye benchi nje, kwenye korido ya watu wanaosubiri. Kimya alikunja karatasi zangu vizuri akaziweka mfukoni mwangu.

"Nimefikiria," akasema. "Wewe hutaweka tena. Utagonga. Unapita umesimama, unagonga kwa fimbo, unasikiliza, unapiga alama, unatufokea kama kawaida. Hayo masikio bado mazuri. Redio nimeshamwambia, na wale wawili. Chumba cha mwisho tutakibomoa sisi, mwenye jengo hatajua."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima kwa uongo, na sasa nimepewa bure. Ningeinuka tu, niseme asante mwanangu, twende. Ndani ya korido ile mchana, katikati ya watu wanaokohoa na watoto wanaolia, nikasikia: tok. Pumzi. Tok. Mtu alikuwa anapita kwenye sakafu ya hospitali anagonga, anakuja kwenye benchi letu. Hakuna aliyegeuka. Nilijua akifika kwangu italia nini.

"Baba yako hakuacha kazi mwenyewe," nikasema.

Kimya aligeuka kunitazama.

Nikamwambia yote. Ukumbi, safu iliyoteleza, nishike mkono mdogo wangu. Nikamwambia maneno niliyoyasema, kama nilivyoyasema, sikuyalainisha. Nikamwambia nilimpa mtu mwingine mwiko wake. Nikamwambia ilivyokuwa kutambaa mpaka mlangoni.

"Nani alicheka?" akauliza.

"Wote."

"Na wewe?"

"Mimi nilicheka wa kwanza."

Alikaa anatazama viatu vyake, vina saruji kavu. "Pale dirishani," akasema, "alikuwa akisikia miguu ya mtu nje anajiweka sawa kwenye kiti. Anavuta shati. Nilidhani anasubiri wageni tu, kumbe ni wewe." Akakwangua saruji kwa ukucha. "Kila siku, baba mdogo."

"Nisamehe."

"Wa kusamehe hayupo."

Alinipeleka nyumbani. Alinishika kwapani ngazi zote kumi na nne, polepole, goti linalia na yeye anasubiri kila linapolia. Alimsalimia mke wangu kwa heshima, akamwachia dawa, akamweleza zinavyomezwa. Kisha akashuka. Kwa siku mbili yeye na Redio waling'oa vigae vyenye alama vya chumba cha mwisho wakaviweka upya. Siku ya tatu Redio alinipigia simu akasema kundi limehama, Kimya ndiye fundi sasa. Alisema pia, "Sina la kukuambia, Fundi," na akakata.

Miezi mitano imepita. Nafanya mazoezi ya paja kwenye kiti cha jikoni, mke wangu ananihesabia na kunitukana nikiiba. Nakula nusu. Uvimbe umepungua, naweza kushuka dukani na kurudi bila kusimama. Mchana nikiwa peke yangu nasikia kugonga ghorofa ya chini. Sishuki kuangalia. Mke wangu husema ni majirani, na husema upesi mno.

Gharama ni hii. Goti moja limekwisha na la pili limeliwa nusu. Chumba cha mwisho kilikuwa na vigae mia moja na kumi na mbili, sitini na saba viling'olewa na watu ambao hawakuviweka. Watu wanne wameondoka, na kundi la miaka thelathini halipo. Mtoto mmoja wa kaka, aliyekuwa akiniita baba mdogo kila siku kwa miaka sita, hajaniita tangu siku ile. Kaka alikaa kwenye kiti miaka mitatu, nami nilikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili sikukaa.